Zao la mbaazi: Tukikosa soko tusisingizie jua la India

Ndugu wasomaji, leo tunaomba mtuvumilie. Mmezoea kutusoma tukiandika habari za katiba, uchaguzi na mikataba isiyosomwa. Leo tunaandika habari za mbaazi. Wapo watakaosema tumeishiwa. Tunawaomba wasome hadi mwisho, kwani ndani ya punje hii ndogo mna ahadi ya viongozi wakuu, mna mkataba ambao wenzetu walitia saini na sisi hatukutia, na mna mkulima wa Babati na wa Nachingwea aliyelipa gharama ya yote hayo.

Huku Uingereza tunakoishi, kila tukifika Leicester hupita kwenye maduka ya Belgrave Road kununua unga na viungo. Wenye maduka wengi ni watu wenye asili ya India waliotokea Afrika Mashariki, wengine familia zao zilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na baadhi ya wazee wao bado wanakisema Kiswahili. Siku moja mzee mmoja alituonyesha mfuko wa dali ya njano na kutuambia tusishangae, hiyo ni mbaazi kama ya kwetu, ila imevuliwa shati na kupasuliwa katikati. Tulicheka pamoja naye. Tulipotoka nje na kuanza kupiga hesabu ya bei ya mfuko ule na bei anayopata mkulima wa nyumbani, kicheko kiliisha.

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii kila Mswahili anaijua. Tunataka kuitumia leo kuuliza swali moja: zao la mbaazi lilipokosa soko mwaka 2017, ni kweli kosa lilikuwa la India peke yake? Na je, jambo lile likirudi, tutakuwa tumejiandaa, au tutasingizia jua tena?

Yaliyotokea 2017

Tuanze na historia fupi kwa faida ya wasomaji ambao hawakulifuatilia jambo hili. India ndiyo nchi inayozalisha, inayokula na inayoagiza kwa wingi kuliko zote duniani mazao jamii ya mikunde. Mamilioni ya watu kule hawali nyama, na dali ndiyo nyama yao. Mwaka 2014 na 2015 mvua zao za masika zilikuwa haba, mavuno yakaanguka, na kufikia Oktoba 2015 kilo moja ya dali ya mbaazi ilikuwa inauzwa hadi karibu rupia 200 katika baadhi ya miji yao. Serikali yao ikahangaika. Wafanyabiashara wao wakaja Afrika Mashariki wakiwa na fedha mkononi.

Kwetu sisi ilikuwa neema. Mbaazi zetu huvunwa kati ya Julai na Oktoba hivi, wakati mavuno mapya ya India huanza kuingia sokoni kwao mwezi wa Desemba na Januari. Maana yake ni kwamba mzigo wetu unafika kule wakati maghala yao yanaelekea kuwa matupu. Bei shambani ikapanda hadi kuvuka Sh 2,000 kwa kilo. Watu wa Babati, Karatu, Kondoa, Masasi na Nachingwea wakaongeza ekari. Waliokuwa wakipanda mbaazi pembezoni mwa shamba wakaipanda shamba zima. Wengine walikopa.

Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alifanya ziara katika nchi nne za Afrika. Tarehe 7 alikuwa Msumbiji. Pale pakatiwa saini makubaliano ya maandishi: India itanunua mikunde ya Msumbiji, kuanzia tani 100,000 kwa mwaka na kupanda hadi tani 200,000 kufikia 2020/21. Siku tatu baadaye, tarehe 10, alikuwa Dar es Salaam. Pale, katika hotuba yake mbele ya waandishi wa habari, alitaja kuongeza mauzo ya mikunde kutoka Tanzania kwenda India kama sehemu ya ushirikiano wa kilimo. Msomaji ashike tofauti hiyo. Maputo waliandikiana tani. Dar es Salaam ilibaki kauli.

Miezi kumi na tatu haikutimia. Msimu wa 2016/17 mvua za India zilikuwa nzuri, wakulima wao nao walikuwa wamevutwa na bei kama wetu, na wakavuna karibu tani milioni 4.8 za mbaazi kutoka kama tani milioni 2.6 mwaka uliotangulia. Bei kule ikaanguka chini ya ile iliyotangazwa na serikali yao kumlinda mkulima. Wakulima wakaja juu. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ikatangaza ukomo: mbaazi zote zitakazoingizwa nchini mwao zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameagiza zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Makubaliano ya serikali kwa serikali, kama yale ya Msumbiji, hayakuguswa na ukomo huo.

Agosti, ndugu msomaji. Yaani mbaazi za Manyara zikiwa ndiyo kwanza zinapigwa shambani. Bei ikaporomoka hadi chini ya Sh 300 kwa kilo katika baadhi ya vijiji, na kuna waliouza kwa Sh 150. Kwa bei hiyo hata kibarua wa kuvuna hulipiki. Wapo walioziacha mbaazi zikakaukia mitini, wakakata miti yake kuwa kuni.

Jua la India na mawingu ya nyumbani

Sasa turudi kwenye methali. India ilifanya kosa gani? Ilimlinda mkulima wake. Serikali yoyote inayoogopa kura za wakulima ingefanya hivyo hivyo, na sisi tungependa sana kuwa na serikali inayomwogopa mkulima kiasi hicho. Hatusemi kwamba walitutendea wema. Kufunga mlango katikati ya mavuno, wakati mzigo mwingine uko njiani, ni jambo la kuumiza na lilipaswa kupingwa kwa sauti kubwa. Lakini Msumbiji, jirani yetu wa ng'ambo ya Ruvuma, analima mbaazi ile ile na anauza soko lile lile, na alikuwa na karatasi mkononi. Sisi hatukuwa nayo.

Malawi nao walijifunza. Mwaka 2021 waliingia makubaliano na India ya tani 50,000 za mbaazi kila mwaka kwa miaka mitano, na Msumbiji wakaongezewa miaka mitano mingine ya tani 200,000. Sisi tulibaki tukisubiri mlango ufunguliwe kwa wote. Na kweli ulifunguliwa. Mei 2021 India ilipungukiwa tena, ikaondoa ukomo, na ruhusa hiyo ikawa inaongezwa muda kila inapokaribia kuisha. Bei zikarudi kupendeza, watu wakasahau.

Hapo ndipo tunapoogopa. Ruhusa inayoongezwa muda ni ruhusa inayoweza kutoongezwa. Katika bajeti yake ya Februari 2025, India ilitangaza mpango wa miaka sita wa kujitosheleza kwa mikunde, na mbaazi imetajwa kwa jina miongoni mwa mazao matatu yanayopewa uzito. Oktoba 2025 Modi akauzindua rasmi, kwa lengo la kufikia tani milioni 35 za mikunde ya aina zote kufikia 2030/31. Vyombo vya serikali yao vimeagizwa kununua kwa bei ya uhakika mbaazi za wakulima watakaojiandikisha. Inawezekana wasifikie lengo, kwani mvua haisomi mipango ya serikali. Lakini mtu akikutangazia waziwazi kwamba nia yake ni kuacha kununua kwako, na wewe ukaendelea kulala, siku atakapoacha utamlaumu nani?

Nyumbani nako kumekuwa na mabadiliko. Tangu 2024 mbaazi, choroko, dengu na ufuta vimekuwa vikiuzwa kwa wingi kupitia vyama vya ushirika, stakabadhi za ghala na minada ya Soko la Bidhaa, yaani TMX. Nia yake hatuna ugomvi nayo. Anayekumbuka kangomba, pale mchuuzi anapompa mkulima fedha kidogo miezi ya njaa na kuja kuchukua gunia zima wakati wa mavuno, anajua kwa nini mnada wa wazi unahitajika. Anayekumbuka lumbesa anajua kwa nini mizani inahitajika. Lakini mnada hauzalishi mnunuzi. Unaweza kuwa na mizani safi, ghala safi na kompyuta mpya, na wanunuzi wote waliopo mnadani wakawa wanapeleka mzigo bandari ile ile ya nchi ile ile. Mlango wa India ukifungwa, mnada utakachofanya ni kumtangazia mkulima hasara yake kwa uwazi zaidi. Na mkulima anayekatazwa kuuza nje ya mfumo ana haki ya kudai malipo yasicheleweshwe hata siku moja. Mwenye njaa hasubiri taratibu za benki.

Kwani tusiache tu kulima mbaazi?

Kuna wanaojibu kwamba dawa ni rahisi: mkulima aachane na mbaazi, alime kitu kingine. Kauli hii tumeisikia ikitolewa na watu ambao hawajawahi kushika jembe. Tuwaeleze mbaazi ni nini.

Mbaazi ni mti unaovumilia ukame kwa kuwa mzizi wake mkuu unazama chini sana kutafuta maji. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Majani yake yakipukutika yanairudishia ardhi rutuba. Makadirio ya watafiti yanafika kilo 40 za nitrojeni kwa hekta katika shamba lililostawi vizuri. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Piga hesabu mwenyewe ujue mti huu unamwokolea nini mkulima asiyeweza kununua mbolea.

Na kuna jambo jingine ambalo bibi zetu walilijua kabla ya wataalamu. Mbaazi hukua polepole miezi ya mwanzo. Ukiipanda pamoja na mahindi haigombani nayo. Inasubiri chini kimya. Mahindi yakivunwa ndipo inapata jua na kuinuka. Shamba moja, mvua moja, mavuno mawili. Kule Malawi watafiti wakishirikiana na wakulima wa Ekwendeni walikwenda mbele zaidi, wakapanda karanga na mbaazi pamoja, kisha msimu unaofuata wakapanda mahindi juu ya rutuba ya mazao yote mawili. Mikunde miwili kwa mpigo, na serikali ya Malawi ikaukubali utaratibu huo na kuupendekeza kwa wakulima wake.

Kwa hiyo anayesema mbaazi iachwe anasema pia mahindi ya mwaka kesho yapungue, kuni zipungue, na mboga ya watoto ipungue. Tatizo halikuwa mti. Lilikuwa kuligeuza shamba zima, na tumaini zima la familia, kuwa gunia la mnunuzi mmoja.

Tulinganishe na maharage. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa maharage barani Afrika, na maharage yana shida zake nyingi za magonjwa na bei. Lakini hakuna waziri katika mji mkuu wa mbali anayeweza kuyashusha thamani kwa tangazo la siku moja. Kwa nini? Kwa sababu tunayala wenyewe. Shule zinayala, magereza yanayala, mama ntilie anayauza kila kona, na malori ya Wakenya yanayafuata hadi Arusha. Soko la kwanza la zao ni tumbo la mwenye zao.

Watafiti walishafanya kazi yao

Haitakuwa haki kuwalaumu wote. Kituo cha utafiti cha Ilonga, wilayani Kilosa, kimefanya kazi ya mbaazi kwa miaka mingi kwa kushirikiana na taasisi ya kimataifa ya ICRISAT. Adui mkubwa wa mbaazi ni mnyauko unaoletwa na kuvu aina ya fuzari. Kuvu huyu anaishi ardhini kwa miaka, anaingia mizizini, anaziba njia za maji, na mti unanyauka ukiwa na maganda yake. Dawa ya kupulizia haimpati. Kinga ni mbegu inayomstahimili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikatoka mbegu za Mali na Tumia, zinazostahimili mnyauko na zenye punje kubwa nyeupe zinazopendwa sokoni. Kabla yake ilikuwapo Komboa, ya muda mfupi. Mwaka 2015 zikaongezeka Ilonga 14-M1, Ilonga 14-M2, Karatu 1 na Kiboko.

Sasa hebu tuirudie methali yetu kwa jicho la utafiti. Mbaazi nyingi za asili husubiri siku ziwe fupi ndipo zichanue. Joto nalo lina kauli: aina za muda mrefu zilizozoea nyanda za juu zenye ubaridi zikipelekwa kwenye joto la mabondeni huchelewa kutoa maua. Kwa maneno mengine, mbaazi ukikosa maua na kusingizia jua, mara nyingine mti huo unasema kweli. Aliyepaswa kuulizwa ni aliyeutoa Karatu akaupeleka pasipo pake. Wahenga waliutumia mti kumsema binadamu, na binadamu hana kisingizio hicho.

Mbona basi mbegu nzuri hazikuenea kila mahali? Mwaka 2008 Bekele Shiferaw na wenzake walichapisha utafiti juu ya mbaazi bora kaskazini mwa Tanzania. Walichokiona ni kwamba upatikanaji wa mbegu ndiyo uliokuwa kikwazo. Mkulima hakuwa mkaidi, mbegu haikumfikia. Kampuni za mbegu hupenda mahindi chotara, kwa sababu mkulima analazimika kuinunua kila mwaka. Mbaazi unaweza kutunza mwenyewe, hivyo haina faida kwa mwenye duka. Hapo ndipo serikali inapopaswa kusimama, na hapo ndipo mara nyingi haionekani.

Kwa wenzetu wanaoshika jembe

Tovuti hii inasomwa pia nyumbani, na wengine wanaotusoma huku wanatuma fedha za mbegu kwa wazazi wao kijijini. Basi haya hapa mambo ambayo utafiti na uzoefu vimeyathibitisha.

1. Chagua mbegu kwa mahali ulipo. Aina ya muda mrefu hukaa shambani miezi minane hadi tisa, inafaa nyanda za juu na kilimo cha kuchanganya na mahindi. Ya muda wa kati huchukua kama miezi mitano hadi sita, inafaa zaidi sehemu za chini zenye mvua moja. Ya muda mfupi huwahi, kama miezi minne, lakini wadudu huipenda mno na bila kupulizia dawa utavuna maganda matupu.

2. Nafasi. Aina ya muda mrefu ikiwa peke yake huhitaji kama sentimita 150 kati ya mistari na 50 kati ya mashimo. Ya kati inatosha sentimita 75 hadi 100 kwa 30. Panda punje mbili au tatu kwenye shimo la kina cha sentimita tatu hadi tano, kisha punguzia. Palilia mapema. Mti unaokua polepole hushindwa na magugu miezi miwili ya kwanza. Ukivuka hapo unajitetea wenyewe.

3. Usirudie mbaazi mfululizo kwenye shamba lenye mnyauko. Ng'oa miti iliyonyauka na uichome, na uzungushe mazao kwa kupanda nafaka miaka mitatu au minne kabla ya kurudi.

4. Mbegu ya kutunza isitoke popote. Nyuki hubeba chavua ya maua ya mbaazi kutoka shamba hadi shamba, hivyo mbegu yako ya Mali ikipakana na ya jirani ya asili, baada ya misimu michache huna Mali tena. Tenga kipande cha mbegu mbali na mbaazi nyingine, mita 200 au zaidi, ng'oa miti isiyofanana, na chagua maganda kwenye miti yenye afya ukiwa bado shambani. Gunia la chakula si mahali pa kuokotea mbegu.

5. Wadudu. Viwavi watoboa maganda hushambulia kuanzia maua. Kagua shamba kila wiki wakati huo. Ukilazimika kupulizia, fanya jioni nyuki wakiwa wamerudi, fuata kipimo kilichoandikwa, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mwaka 2013 maharage machanga na njegere za Kenya ziliongezewa ukaguzi katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya mabaki ya dawa, na mkulima mdogo ndiye aliyeumia zaidi.

6. Hifadhi. Bungua huingia kwenye mbaazi tangu shambani. Vuna mapema zikikauka, anika hadi punje ivunjike kwa jino, kisha zihifadhi kwenye mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Utaratibu wa mifuko hiyo ulitokana na utafiti wa kunde huko Afrika Magharibi: mdudu akimaliza hewa iliyomo ndani, anaacha kula na kuzaa. Gunia linaloweza kukaa miezi sita bila bungua linampa mkulima nguvu ya kumwambia mchuuzi aende zake.

7. Usiweke mayai yote kwenye kapu la mnunuzi mmoja. Sehemu iwe mbaazi, sehemu maharage, choroko au kunde, kulingana na ardhi. Sehemu ya mbaazi zenyewe ivunwe mbichi. Wenzetu wa Makueni, Machakos na Kitui nchini Kenya wanakula na kuuza mbaazi mbichi kama mboga miaka yote.

Wajibu wa wakubwa

Kwa serikali tuna mambo machache. La kwanza, mkataba. Kama Msumbiji na Malawi wameweza kuandikiana tani na India, kipi kinaishinda nchi yenye bandari na ukubwa wa Tanzania? Maneno mazuri ya ziara za viongozi yageuzwe kuwa maandishi kabla mlango haujafungwa.

La pili, viwanda vya kukoboa. Kusafirisha mbaazi nzima ni kusafirisha ajira. Dali iliyokobolewa nyumbani inaweza kuuzwa Ghuba, Uingereza na Canada moja kwa moja, na pumba ikabaki kuwa chakula cha mifugo. Malawi wamekuwa na viwanda hivyo kwa miaka mingi.

La tatu, sahani zetu wenyewe. Mtu wa Zanzibar, Tanga na Mombasa hahitaji kufundishwa mbaazi za nazi na mahamri asubuhi. Lakini bara, hata kule zinakolimwa kwa wingi, wengi huziona kama zao la Wahindi. Shule za bweni, vyuo na kambi zikipika mbaazi siku mbili tu kwa wiki, litazaliwa soko ambalo hakuna tangazo la New Delhi linaloweza kulifuta. Watu wetu wanaambiwa wapunguze nyama ghali na wale protini. Protini hiyo imejaa maghalani Nachingwea.

La nne, mbegu. Fedha za Ilonga, na za vituo vya Selian na Uyole vinavyoshughulikia maharage, zisiwe za kuombewa wafadhili kila mwaka. Na vikundi vya wakulima vinavyozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa vipewe mafunzo na soko. Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliwaita wanawake wakulima waje kituoni kuchagua wenyewe aina za maharage, na chaguo lao lilifanya vizuri mashambani kuliko la wataalamu. Mkulima si mwanafunzi wa kudumu.

Na sisi tulio ughaibuni tusijitoe. Jirani zetu Wajamaika hapa Uingereza hupika wali na mbaazi, wao huziita gungo, hasa wakati wa Krismasi. Kule Marekani watu wa Puerto Rico sherehe zao hazikamiliki bila wali wa gandules, na gandules ni mbaazi hizo hizo, zilizovuka bahari pamoja na waliouzwa utumwani. Soko hilo la makopo na mbaazi mbichi limeshikwa na wengine, wakiwamo wenzetu wa Jamhuri ya Dominika, na liko mlangoni petu. Sisi tunaosukuma mikokoteni kwenye maduka makubwa kila Jumamosi tunalijua kuliko ofisa yeyote wa wizara. Tunajua lebo, tunajua bei, tunajua masharti. Tuna vyama vya kila mkoa na kila wilaya, vinavyokutana kula pilau na kuchangiana misiba. Vingapi vimewahi kukaa kujadili kontena moja la mbaazi?

Tulipoondoka nyumbani hatukubeba kitu zaidi ya begi la nguo na madaftari. Wengi wetu hatujui lini tutarudi. Lakini waliotusomesha ni watu wa jembe, na ada zetu zilitoka kwenye magunia kama hayo yaliyouzwa kwa Sh 150 kwa kilo. Mtoto wa mwaka 2017 aliyekatishwa shule kwa sababu mbaazi za baba yake hazikununuliwa, leo ni kijana mkubwa. Hakuna tume iliyomuuliza chochote.

India imeshasema inakokwenda. Jua limeonekana kabla ya kuchomoza. Tukikosa maua safari hii, tusitafute wa kumsingizia.

Tunaomba kutoa hoja.